Alama kwenye Dari ya Mama: Kisa cha Bafu Moja la Eastlands

Alama ilianza na ukubwa wa kikombe. Ilikuwa kwenye dari ya sebule, juu ya kiti anachokalia mama jioni, na rangi yake ilikuwa ya chai ya mkandaa. Mama hakuita mtu. Alipanda stuli, akaizungushia penseli na kuandika tarehe kando yake. Baada ya wiki mbili akazungushia tena kwa nje. Mimi na ndugu yangu tulipofika Januari, tulikuta miduara mitano, mmoja ndani ya mwenzake, na ule wa nje ulikuwa mpana kama sinia.

Nyumba ni ya ghorofa moja, Eastlands jijini Nairobi, karibu na barabara ya Outer Ring, iliyojengwa miaka ya 1980. Chini kuna sebule, jikoni na choo kidogo. Juu kuna vyumba vitatu na bafu moja lenye choo, sinki na shawa, na bafu hilo limekaa sawasawa juu ya sebule. Watu watano wanaishi humo. Haikuwa mara ya kwanza dari kulowa. Mara mbili kabla ya hapo fundi aliitwa, akakwangua grauti kati ya vigae, akajaza mpya, akalipwa. Dari ikapakwa rangi, ikakaa safi miezi michache, ikalowa tena.

Safari hii tuliamua kulibomoa bafu lote na kulijenga upya kwa mikono yetu. Mimi ni mwalimu, ndugu yangu ni dereva. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika mwiko kwa malipo. Naandika kwa urefu kwa sababu naona watu wengi wakianza ukarabati wa aina hii dukani, wakichagua rangi ya vigae, na pesa zao zinaishia juu ya tatizo bila kulifikia. Bafu hupangwa kuanzia kwenye tundu la kutolea maji, na kila kitu kitakachofichwa hujaribiwa kabla ya kufunikwa. Sisi tulilijua hilo nusu tulipoanza. Nusu nyingine tulifundishwa na sakafu yenyewe.

Maji haya yanatoka wapi?

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti, tulitumia siku nane kulijibu swali hilo. Katika bafu la juu, maji yana njia tatu za kufika darini: bomba linaloleta maji safi linavuja, au bomba linalotoa maji machafu linavuja, au sakafu yenyewe inapitisha. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Mafundi waliotutangulia siwalaumu. Anayeitwa kujaza grauti hujaza grauti.

Ushauri wa kawaida ni kufunga mifereji yote na kuangalia kama mita ya maji bado inazunguka. Kwa nyumba nyingi za Nairobi ushauri huo unafika nusu ya njia. Kwetu maji huja kwa zamu, siku mbili kwa wiki. Yanapanda hadi tangi lililo juu ya paa, na kutoka hapo ndipo yanashuka bafuni. Mita inaona bomba linaloishia kwenye tangi. Yanayotokea baada ya tangi haiyaoni. Kwa hiyo tulifunga valvu ya kuingizia maji, ndugu yangu akapanda na kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika, na usiku ule hakuna aliyegusa mfereji. Asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Bomba la maji safi likatoka katika orodha ya washukiwa.

Jaribio la pili lilitukosesha subira. Tulimwaga maji bafuni, tukaona tone darini, tukafurahi kwamba tumepata jibu. Mama ndiye aliyetuuliza, “Mnajuaje kama ni maji ya leo?” Hatukujua. Sakafu iliyolowa kwa miezi hudondosha maji kwa siku kadhaa hata usipoongeza kitu, kama sifongo iliyoachwa kwenye ukingo wa sinki. Tukafunga bafu siku tano. Watu wakaoga chini kwa beseni, dari ikakauka, na hapo tukaanza upya kwa utaratibu.

Kwanza tuliingiza mpira wa maji ndani kabisa ya tundu la sakafuni na kupitisha lita 20 bila tone kugusa sakafu. Tukasubiri saa tatu. Dari ilikaa kavu, maana yake bomba la kutolea maji lilikuwa zima. Halafu tukaziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, tukatia maji yenye rangi nyekundu ya keki hadi kina cha sentimita 2. Dakika 40 baadaye tone la rangi ya waridi likaanguka kwenye sufuria sebuleni.

Sakafu ndiyo ilikuwa inapitisha. Rangi ile ya keki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotumia, na sijui kama kuna kingine kilichotuokolea pesa nyingi zaidi.

Kilichokuwa chini

Kubomoa ni kazi ya tindo, nyundo na mgongo. Kabla ya pigo la kwanza tulifunga maji, tukazima stima ya bafu kwenye boksi la fyuzi, tukang'oa choo na kuziba tundu lake kwa gunia lililoviringishwa, kwa sababu mbili: vifusi visianguke kwenye bomba la maji taka, na hewa ya humo isipande nyumbani.

Chini ya vigae tulikuta sakafu nyingine. Mtu, miaka mingi iliyopita, alikuwa ameweka vigae juu ya sakafu nyekundu ya simiti ya awali bila kuitoa, akaongeza tabaka la mchanga na simiti ili kupata usawa. Tabaka zote mbili kwa jumla zilikuwa na unene wa sentimita 7. Bafu lina mita 1.5 kwa 2.1, yaani mita za mraba 3.15, zidisha kwa unene ule, utapata mzigo wa karibu kilo 440 uliokuwa umebebwa na slebu, ile sakafu ya zege kati ya chini na juu, juu ya kichwa cha mama. Tuliushusha ngazini kwa magunia ya kilo 20 hivi. Jirani alivichukua vifusi vyote kwa mkokoteni kujaza mashimo ya kichochoro chetu, na hilo lilitupunguzia gharama ya lori.

Tundu la kutolea maji ndilo lililoeleza kila kitu. Trapu ya zamani, yaani chombo kinachokaa ndani ya tundu hilo kupokea maji ya sakafuni, ilikuwa ya chuma, na ukingo wake ulikuwa umekaa sawa na ile sakafu nyekundu ya kwanza. Sakafu ilipopandishwa, trapu haikupandishwa. Kati ya ukingo wa trapu na kigae cha juu kulibaki ukuta wa mchanga na simiti wenye kimo cha sentimita 4, bila kizuizi chochote. Maji ya kuoga yalishuka kwenye tundu, yakakutana na ukuta huo, na sehemu yake ikaingia kwa ubavu ndani ya sakafu. Grauti ya juu ingebadilishwa kila mwaka na maji yangeendelea kupita palepale. Isitoshe, tulipoweka pima maji, kile kifaa cha kupima usawa, kabla ya kubomoa, tuligundua kwamba sakafu karibu na choo ilikuwa chini ya tundu kwa milimita 8. Maji yalikuwa yakilala pale kila siku, yakingoja.

Kigae na grauti ya simiti havizuii maji. Kigae chenyewe hakipitishi, lakini grauti hunyonya. Kinachozuia ni utando unaopakwa chini ya vigae, na katika sakafu ile hatukuukuta, wala kwenye tabaka la kwanza wala la pili.

Mpango tulioandika, na pale uliposhindwa

Tulichora bafu kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa kila sentimita 10. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha choo mahali pake. Bomba la choo ni la inchi 4, linahitaji mteremko wake, na kulihamisha kungemaanisha kukata slebu. Mtu anayejenga mwenyewe asikate slebu bila mhandisi. Uamuzi wa pili ulikuwa kupandisha trapu mpya ya plastiki hadi kimo cha sakafu mpya. Kila kingine kilifuata hapo: kutoka mlangoni hadi kwenye trapu ni mita 1.8, na kwa mteremko wa 1 kwa 60 tulihitaji tofauti ya milimita 30. Tulipiga mstari wa chaki ukutani pande zote nne kabla ya kuchanganya mchanga.

Kalenda ilipangwa kwa siku za maji. Maji mengi ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na yanapopungua huko sisi wa mwisho wa bomba ndio tunaojua kwanza. Simiti inahitaji kulowekwa siku saba ili iwe ngumu, na jaribio la sakafu linahitaji maji ya kumwaga. Tulinunua mapipa mawili ya lita 200 tukayaweka nyuma ya nyumba, yasiguswe kwa kupika wala kufua.

Tuliandika siku 14. Tulitumia 23. Siku tatu zilipotea kwa sababu ya choo. Tulikuwa tumepima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la choo tukapata milimita 240, tukanunua choo kinachotaka 240. Hatukukumbuka kwamba ukuta wenyewe ungesogea: kigae na gundi yake ni milimita 15 hivi, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 225. Choo hakikuingia. Muuzaji alikubali kukibadilisha kwa sababu hakikuwa kimeguswa na simiti, lakini usafiri wa kwenda na kurudi ulikuwa juu yetu. Anayepima bafu tupu apime kama kwamba vigae viko ukutani tayari.

Choo tulichochukua ni cha kusukuma lita 6, badala ya tangi kuukuu la lita 9. Watu watano, kila mmoja mara nne kwa siku, ni lita 60 zinazobaki kwenye tangi la juu ya paa kila siku. Mahali ambapo maji huja mara mbili kwa wiki, lita 60 ni hesabu inayoonekana kwa macho.

Mabomba

Mabomba ya zamani yalikuwa ya chuma, yameota kutu ndani hadi njia ya maji ikabaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Tuliweka PPR, yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Mashine tulikodi kwa siku mbili. Inachemka hadi nyuzi 260, na bomba la milimita 20 huwekwa sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, kisha unalisukuma ndani ya kiungo moja kwa moja bila kulizungusha.

Hatukuanza na ukuta. Tulinunua vipande vya ziada, tukaunga viungo kumi mezani, tukavikata katikati kwa msumeno kuangalia ndani. Vinne vya kwanza vilikuwa vibaya: tulikuwa tumesukuma kwa nguvu mno na plastiki iliyoyeyuka ikajikunja ndani, ikafunga nusu ya njia. Ukiona kiungo kwa nje tu, kinapendeza. Baada ya hapo tukawa tunaweka alama ya penseli kwenye bomba kuonyesha mwisho wa kusukuma, na viungo sita vilivyofuata vilikuwa safi.

Kuna jambo hapa ambalo nadhani linawaumiza wengi bila wao kujua. Ukiagiza bomba la nusu inchi la chuma, nafasi ya ndani ni kama milimita 16. Ukilibadilisha kwa PPR ya milimita 20, ambayo kila hadwea watakwambia ndiyo nusu inchi, ile 20 ni kipimo cha nje. Ile nene ya maji moto ina ukuta wa milimita 3.4 kila upande, kwa hiyo ndani zinabaki 13.2. Umebadilisha bomba na kulibana kwa pamoja. Penye msukumo mkubwa huenda usione tofauti. Lakini bafu la ghorofani linalolishwa na tangi la juu ya paa lina kimo kidogo sana: kila mita moja kati ya maji ya tangi na shawa inatoa msukumo wa bar 0.1 tu, na sisi tulikuwa na mita moja na nusu. Tulishusha bomba la milimita 25 kutoka tangi hadi karibu kabisa na shawa, ambalo ndani lina 16.6, na tukatumia la 20 kwenye kipande cha mwisho tu. Mama alisema shawa sasa “inapumua vizuri,” na sina maelezo bora zaidi ya hayo.

Tulifunga ncha zote, tukakodi pampu ya mkono, tukapandisha hadi bar 10 na kuacha kwa saa moja. Mshale haukusogea. Kisha tukapiga picha kila ukuta huku utepe wa kupimia umenyooshwa juu yake, ili siku mtu atakapotaka kutoboa ukuta kutundika kioo ajue bomba lilipo. Picha hizo ziko kwenye simu tatu.

Stima hatukugusa

Nasema bila kusita: hapa hatukuwa mafundi wa nyumbani, na hakuna anayepaswa kuwa. Nairobi nyumba nyingi zina shawa ya kuchemsha maji papo hapo, na shawa hiyo huweka stima na mtu aliyelowa mahali pamoja. Ya kwetu ni ya kilowati 5.5. Kwa volti 240 inavuta takriban ampea 23. Waya tuliokuta ukutani ulikuwa wa milimita 2.5 za mraba, na ganda lake lilikuwa limekuwa gumu na jeusi karibu na swichi.

Tulimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, tukaomba kuiona leseni, naye aliitoa mfukoni bila kinyongo. Alivuta waya mpya wa milimita 6 kutoka boksi la fyuzi, akaweka kikatizi chake pekee cha ampea 32, swichi ya kukata nyaya zote mbili nje ya mlango, na kile kikatizi kinachoanguka stima inapopotea kwa milliampea 30.

Jambo alilotuonyesha lilinishtua. Nyumba nyingi za zamani ziliegemea mabomba ya chuma kupeleka stima iliyopotea ardhini. Sisi tulikuwa tumeyatoa mabomba hayo siku mbili kabla na kuweka plastiki. Waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita athi, uliokuwa umefika kwenye shawa ulikuwa umefungwa kwenye bomba la zamani, na sasa ulikuwa umeshikana na hewa. Kama tungerudisha shawa kama ilivyokuwa na kuwasha, ingechemsha maji bila tatizo, na siku ambayo kitu kingeharibika ndani yake, pa kupitia pangekuwa mwili wa anayeoga. Yeyote anayebadilisha mabomba ya chuma kwa plastiki, hata ya jikoni tu, na amwite fundi wa stima apime athi ya nyumba nzima kabla ya mtu yeyote kuoga. Hilo nalirudia kwa kila jirani anayeniuliza juu ya PPR.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango wetu. Sijutii hata saa moja.

Siku sakafu iliposhindwa mtihani

Trapu mpya ilikuwa mahali pake, mchanga na simiti, vilivyochanganywa simiti 1 kwa mchanga 4, vimelalia mstari wa chaki, na siku saba za kulowesha zimepita. Tulinunua unga wa kuzuia maji wenye simiti na kimiminika chake. Pembe zote za ukuta na sakafu tuliziviringa kwa mwiko, tukazilaza utepe wa nyuzi, tukapaka mkono wa kwanza kwa kwenda urefu wa chumba na wa pili kwa kukatiza upana. Upande wa shawa tulipanda hadi mita 1.8, kwingine sentimita 20. Ulikuwa mzuri kutazama, wa kijivu mtupu, na ndugu yangu alitaka tuanze vigae kesho yake.

Tukaziba bomba chini ya trapu kwa kizibo cha mpira kinachopanuka, tukajenga kizingiti cha muda mlangoni, tukajaza maji. Kando yake tuliweka ndoo yenye maji, tukatia alama ya penseli pande zote mbili. Ndoo ilikuwa wazo la mama. Maji hupungua kwa kukauka, alisema, na ndoo haivuji. Kitakachozidi cha ndoo ndicho kilichovuja.

Baada ya saa 24, ndoo ilikuwa imeshuka milimita 1. Sakafu ilikuwa imeshuka 9. Milimita 8 za ziada kwenye sakafu ya mita 3 za mraba ni kama lita 24. Sebuleni, duara la maji lilikuwa limerudi, safari hii likizunguka bomba la trapu peke yake.

Nilikaa ngazini muda mrefu siku ile. Tulikuwa tumefanya kila kitu kilichoandikwa kwenye mfuko. Tulipokausha na kukwangua kidogo kuzunguka trapu, utando ulijibandua kwenye plastiki kama ganda la yai lililochemshwa. Unga ule una simiti ndani yake, na simiti hushika simiti; plastiki laini haishiki. Kwenye sakafu nzima ulikuwa imara kama mwamba. Kwenye mduara ule mmoja, mahali ambapo maji yote ya bafu hukutana, haukuwa umeshika kitu.

Fundi mmoja mzee anayejenga nyumba mtaa wa pili alitusikiliza na kutupa dawa kwa dakika tano, bila kutaka malipo. Kwaruza ukingo wa plastiki kwa msasa mpaka upoteze mng'aro. Paka gundi ya mabomba ya PVC. Kabla haijakauka, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, uache ushike. Sasa plastiki imepata ngozi ya mchanga, na unga wa simiti una mahali pa kukamata. Tulifanya hivyo, tukaongeza utepe wa nyuzi kuzunguka, tukapaka mikono miwili tena, tukasubiri.

Jaribio la pili tuliliacha saa 48. Ndoo ilishuka milimita 2. Sakafu milimita 2. Dari kavu. Siku nne zilikuwa zimeongezeka kwenye kalenda.

Kama tungeweka vigae siku ile ndugu yangu alipotaka, bafu lingekuwa zuri kwa picha na lingevuja kupitia tundu lilelile lililovujisha la zamani. Vigae vingekuwa vipya, grauti mpya, na sisi tungekuwa mafundi wa tatu katika hadithi ileile.

Vigae

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu yuko tayari kukufundisha. Hesabu ya ukuta: mzunguko wa mita 7.2 kwa kimo cha 2.1 ni mita za mraba 15.12, toa mlango na dirisha, zinabaki 13.2, ongeza sehemu ya kumi kwa vitakavyovunjika na kukatwa, 14.5. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 huja vinane kwa boksi, mita za mraba 1.44, kwa hiyo maboksi 11. Sakafuni tuliweka vidogo vyenye uso wa kukwaruza. Mama ana miaka 68 na sakafu ya kung'aa haikuwa na nafasi katika mjadala. Vigae vidogo pia hufuata mteremko wa kwenda kwenye trapu bila kuinua pembe.

Kitu kimoja tu nitakisisitiza. Usibandike kigae kwa madonge ya simiti nyuma yake, donge kila pembe na moja katikati. Katikati ya madonge kuna mapango, na kigae hupasuka juu yake kitu kizito kikianguka. Tumia gundi ya vigae na mwiko wenye meno, sambaza pote, na kila baada ya vigae vichache bandua kimoja utazame mgongo wake kama umejaa. Na pale ukuta unapokutana na sakafu usiweke grauti. Weka silikoni, kwa sababu ukuta na sakafu havisogei pamoja, na grauti ya pembeni itapata ufa mapema.

Mtu wa mkono tulimlipa shilingi 800 kwa siku, kwa siku sita, abebe na kuchanganya. Tungemwita tangu siku ya kubomoa kama tungejua mgongo wa mtu wa miaka 45 unavyojibu magunia 22.

Baada ya mvua

Bafu lilianza kutumika mwisho wa Februari. Mama alikataa dari ipakwe rangi. Miduara yake mitano ilibaki pale, na ndani yake ile rangi ya chai iliyokauka, mvua za masika zote, Machi hadi Mei, ingawa mvua haina uhusiano wowote na bafu na tulimweleza hivyo. Alisema anataka kuona msimu mzima wa watu watano kuoga. Kila Jumapili alipanda stuli na kugusa dari kwa kiganja.

Juni alimwambia ndugu yangu alete brashi. Sasa anasikia tone usiku kwenye choo kidogo cha chini, na tayari amechora mstari kwenye tangi.